SOMO: RILEI YA TAA INAYOCHELEWA KUITIKA

Tangu umeme wa gridi na umeme wa jua ulipoanza kufika kwenye maghala, ofisi na nyumba za wanachama vijijini, hati za malipo za vyama vya msingi zimepata maneno mapya. Mojawapo ni rilei. Neno hili aghalabu haliji peke yake. Hufuatana na neno "mbovu". Katibu huandika: "Kununua rilei ya taa za ghala, ya zamani mbovu," mwenyekiti hutia sahihi, mweka hazina hutoa fedha, na baada ya miezi michache hati nyingine yenye maneno yale yale huingia katika jalada. Somo hili lakusudia kumwezesha katibu, au mwanachama aliye na mtambo wa namna hiyo nyumbani kwake, kujua kama kweli rilei ndiyo yenye kosa kabla fedha hazijatoka.

Rilei na kazi yake

Rilei ni swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme badala ya kidole. Ndani yake mna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi juu ya kipande cha chuma. Mkondo mdogo ukipita katika koili, chuma hicho hugeuka sumaku na kuuvuta ulimi wa chuma ulio mbele yake. Ulimi ukivutwa hukutanisha vipande viwili vidogo vya madini viitwavyo kontakti, na hapo mkondo mkubwa wa taa hupita. Mkondo wa koili ukikatwa, springi huurudisha ulimi mahali pake na taa huzimika.

Mkulima aliyezoea kilimo cha mifereji hatapata taabu kulielewa jambo hili. Mtu mmoja hunyanyua kibao kidogo kwa mkono mmoja, na maji ya mfereji mzima yakamiminika shambani. Nguvu ya mkono haikuyasukuma maji, iliyafungulia njia tu. Ndivyo swichi ndogo iliyo kando ya kitanda cha mlinzi, yenye waya mwembamba, iwezavyo kuziamrisha taa nane za uani ambazo mkondo wake ungeiunguza swichi hiyo kama ungepita ndani yake moja kwa moja. Chombo chenyewe si kigeni duniani. Mwanasayansi Joseph Henry wa Marekani alitengeneza cha kwanza mwaka 1835, na simu za maandishi za karne ile zilikitumia kuupokeza ujumbe kutoka waya mmoja hadi mwingine, mfano wa wakimbiaji wanaopokezana vijiti.

Kuchelewa kiasi gani?

Hapa ndipo penye msingi wa somo lote. Rilei ndogo ya kawaida, ikipewa umeme wa kutosha, huvuta ulimi wake katika muda wa sekunde 0.005 hadi 0.015, na huuachia katika muda kama huo au pungufu. Kupepesa jicho huchukua sekunde 0.1 au zaidi. Kwa hiyo rilei iliyo nzima na iliyolishwa vema hufunga na kufungua mara kadhaa kabla jicho halijamaliza kupepesa, na hapana mwanadamu awezaye kusema kwa kutazama tu kwamba imechelewa.

Basi mtu asemapo kwamba taa huwaka baada ya sekunde nzima, au mbili, au tatu, maneno yake yana maana moja kati ya tatu. Ama rilei haipati nguvu ya kutosha kuuvuta ulimi. Ama kimewekwa kitu kinachoichelewesha, kwa makusudi au kwa kutojua. Ama rilei imekwisha kufanya kazi yake zamani, na taa yenyewe ndiyo iliyochelewa. Uzee wa rilei peke yake haufanyi kuchelewa kwa sekunde mbili. Hata hivyo rilei ndiyo hulaumiwa kwanza, kwa kuwa katika mtambo mzima ndiyo pekee inayotoa sauti, na anayesikika ndiye hushukiwa.

Sikio kabla ya bisibisi

Sauti hiyo inayoiponza rilei ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuitetea. Yafaa watu wawili washirikiane wakati wa jioni pakiwa kimya: mmoja asimame penye swichi, mwingine karibu na kisanduku cha rilei bila kukifungua. Wa kwanza abonyeze huku akisema kwa sauti "sasa". Wa pili asikilize mlio, kisha atazame taa.

Mlio mmoja mkavu ukisikika papo hapo na neno "sasa", lakini taa zikawaka baadaye, koili haina kosa na waya unaoiletea umeme hauna kosa. Lililobaki ni kontakti au taa. Na mara nyingi ni taa. Taa za LED zina kifaa ndani kinachobadili umeme kabla ya kuulisha mwanga, na baadhi ya hizo, hasa za bei ya chini, huchukua nusu sekunde au sekunde nzima kujiandaa. Mirija mirefu ya zamani yenye stata humetameta kwanza ndipo ikawaka. Taa zilizokunjwa za kubana matumizi huwaka hafifu na kuongezeka mwanga polepole. Jaribio la kuthibitisha ni jepesi: taa moja ya namna hiyo ipachikwe mahali pengine pasipo na rilei. Ikichelewa na huko, hakuna haja ya kununua chochote isipokuwa taa bora, na hata hiyo si lazima.

Mlio ukichelewa kusikika pamoja na taa, kosa liko nyuma ya rilei, upande wa amri: swichi, waya wa koili, au kifaa kinachotoa amri. Kifaa hicho kikiwa ni jicho la jua, lile linalowasha taa giza likiingia, kuchelewa ni sehemu ya kazi yake. Watengenezaji hukiwekea sekunde kadhaa ili taa ya gari linalopita au wingu la kitambo kidogo lisikidanganye. Limewahi kutokea jambo la kuchekesha, jicho la jua kurudishwa dukani kwa sababu lilikuwa likifanya kazi vizuri.

Pasiposikika mlio mmoja bali mfululizo wa milio, mfano wa mbegu zinazotikiswa ndani ya kibuyu, rilei inavuta na kuachia, inavuta na kuachia. Hii ndiyo hali ya kuangaliwa upesi kuliko zote, kwa kuwa kila mguso hutoa cheche na kila cheche hula kontakti. Na pasiposikika kitu kabisa, koili haipati umeme au imekatika. Kulipima hilo ni kazi ya dakika mbili kwa mwenye mita.

Mfano wa ghala moja

Na uchukuliwe mfano wa chama kimoja chenye ghala la kahawa. Betri ya volti 12 inayochajiwa kwa paneli za jua imewekwa ofisini. Ghala liko mita 20 mbele yake. Kwenye ukuta wa ghala pana kisanduku chenye rilei, na kuzunguka ghala pana taa nane za LED za wati 9 kila moja, za volti 12. Mlinzi ana swichi kibandani. Wakati wa kiangazi taa ziliwaka bila shida. Mvua zilipoanza, zilianza kusitasita: mlinzi alibonyeza swichi, ukasikika mtetemo, taa zikapepesa, na baada ya sekunde mbili au tatu ndipo zikatulia. Usiku mmoja hazikutulia. Rilei ikanunuliwa. Ile mpya ilifanya vizuri kwa wiki chache, kisha ikaanza vilevile. Ikanunuliwa ya pili, na baadaye ya tatu, ya bei kubwa zaidi, kwa kuwa sasa ilidhaniwa kuwa mbili za kwanza zilikuwa za bandia.

Wakati huo huo mambo mengine yalikuwa yakiharibika ambayo hayauzwi dukani. Mlinzi, akihofia taa kumgomea wizi ukitokea, aliamua kuziacha zikiwaka usiku kucha. Betri ikawa inaamka tupu, na katibu akamshutumu kwa uzembe. Wajumbe wa kamati walimshuku fundi kuwa anajitafutia kazi. Fundi naye alimshuku mwenye duka. Kahawa ya wanachama ilikuwa ndani ya ghala hilo ikisubiri mnada, na kila mtu aliyehusika alikuwa na hasira na mtu mwingine ambaye hakuwa na kosa.

Hesabu ifuatayo ingefanywa mapema, ugomvi huo usingekuwapo. Taa nane za wati 9 ni wati 72. Wati 72 zikigawanywa kwa volti 12 ni mkondo wa ampea 6. Waya uliotumika ni wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ambao kila mita yake ina ukinzani wa omu 0.012 hivi. Kutoka ofisini hadi ghalani ni mita 20, lakini umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 40. Mita 40 mara 0.012 ni omu 0.48. Ampea 6 mara omu 0.48 ni takriban volti 2.9. Hizo ndizo volti zinazopotea njiani, kama maji yanayonywewa na mchanga wa mfereji. Betri ikiwa na volti 12.4, ghalani zitafika 9.5 tu.

Rilei ya volti 12 kwa kawaida huhitaji kama robo tatu ya volti zake ili iuvute ulimi, yaani volti 9. Ikishavuta yaweza kushikilia kwa kiasi kidogo zaidi, lakini si kidogo bila mpaka. Sasa, katika ghala hilo koili ilikuwa imechukua umeme wake kutoka waya ule ule wa taa. Fundi alifanya hivyo kwa nia njema, ili kuokoa mita 20 za waya. Tena taa za LED, wakati ule ule wa kuwashwa, hunywa kwa kitambo kidogo sana mkondo ulio mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida, hadi vifaa vilivyomo ndani yake vijae. Kwa kitambo hicho volti zinazopotea njiani nazo huongezeka mara kadhaa. Koili inanyang'anywa umeme na taa ambazo yenyewe imeziwasha. Ulimi unaachia. Taa zikikatika, volti zinarudi juu, ulimi unavuta tena, na mchezo unaanza upya mpaka taa ziwe zimeshiba. Hiyo ndiyo mitetemo aliyoisikia mlinzi.

Na kiangazi je? Wakati wa kiangazi betri ilijaa kila siku na maungio ya waya yalikuwa makavu. Penye upenu wa ghala waya ulikuwa umeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe wa plastiki. Mvua zilipoanza, maji yaliingia, shaba ikaota ukijani, na ungio hilo likaongeza ukinzani wake juu ya ule wa waya. Omu 0.2 tu, katika mkondo wa ampea 6, huondoa volti 1.2 nyingine. Mtambo uliokuwa ukiishi kwa volti chache za ziada haukuwa na akiba ya kulipia hasara hiyo.

Tiba haikuwa rilei ya nne. Koili ilipewa waya wake peke yake kutoka ofisini, wenye fyuzi yake ndogo. Waya mwembamba ulitosha, maana koili ya rilei ile hutumia takriban ampea 0.15 tu. Ungio la upenuni lilikatwa, likafanywa upya ndani ya kisanduku kwa viunganishi vya skrubu. Waya wa taa ulibadilishwa kuwa wa milimita za mraba 6, na kwa huo volti zinazopotea kwa umbali ule hushuka hadi 0.7 hivi. Rilei mbili kati ya zile zilizotupwa kama mbovu zilipatikana katika droo, zikapimwa, zikaonekana nzima. Sasa ni akiba ya chama.

Mahali pa kupima

Kutokana na mfano huo lafuata onyo moja. Fundi wengi hupima betri, wakaona 12.6, wakasema umeme upo. Umeme upo, lakini penye betri. Kipimo chenye maana ni kile kinachochukuliwa kwenye miguu miwili ya koili, wakati swichi imebonyezwa na taa zote zimewashwa. Kipimo cha pili kichukuliwe kwenye betri wakati huo huo. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo kodi ya njiani. Ikizidi volti 1 katika mtambo wa volti 12, waya au maungio yachunguzwe kabla ya kitu kingine chochote.

Betri yenyewe nayo isisahauliwe. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu volti 12.7, ikionyesha chini ya 12 imekwisha kwa kiasi kikubwa. Betri iliyochoka yaweza kuonyesha 12.5 ikiwa haina mzigo, kisha ikaporomoka mara taa ziwakapo. Joto nalo lina sehemu yake. Shaba ikipata joto ukinzani wake huongezeka kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja. Kisanduku cha bati kilichopigwa na jua mchana kutwa chaweza kuwa na joto la digrii 60, na koili iliyomo humo itakuwa na ukinzani ulioongezeka kwa asilimia 16 kupita ile iliyo katika digrii 20. Mkondo wake utakuwa mdogo, na sumaku yake dhaifu. Rilei inayositasita saa kumi na mbili jioni na kufanya vizuri saa kumi na moja alfajiri huenda inalalamikia joto. Kivuli ni dawa isiyolipiwa.

Nyumbani kwa mwanachama

Katika nyumba za wanachama rilei huonekana zaidi penye taa moja inayoamriwa kutoka milango miwili au mitatu. Huko hutumika rilei ya hatua: kibonyezo kikibonyezwa mara moja taa huwaka, kikibonyezwa tena huzimika. Rilei ya namna hii ikionekana kuwa nzito, kosa la kwanza kutafutwa ni vibonyezo. Kibonyezo chenye kutu au chenye mafuta ya moshi wa jikoni hakikutanishi vizuri, mtu hubonyeza mara mbili au tatu, na kwa kuwa kila mbonyezo uliofika hubadili hali, taa huwaka na kuzimika, na mwenye nyumba huona kana kwamba chombo kina ukaidi. Kibonyezo cha mlango mmoja kikiwa na shida na cha mlango wa pili hakina, rilei imekwisha kujitetea yenyewe.

Kuna pia ucheleweshaji unaotiwa na mikono ya watu. Rilei ikitetemeka, mafundi wengine huifunga kapasita sambamba na koili ili kuituliza. Mtetemo huisha kweli, lakini ugonjwa umefunikwa tu, na umezaliwa mwingine. Koili ya omu 400 yenye kapasita ya mikrofaradi 1000, volti zake zikiachwa zishuke zenyewe kutoka 12 hadi 4, huchukua zaidi ya sekunde 0.4. Rilei inayoachia penye volti 4 itazima taa muda huo baada ya swichi kufunguliwa, na jicho litaona. Mbaya zaidi, ulimi huachia taratibu kwa kuwa sumaku hufa taratibu, kontakti huachana polepole, na cheche hudumu.

Dayodi ni habari nyingine. Hiyo huwekwa sambamba na koili ya umeme wa betri kwa sababu njema: koili inapokatiwa mkondo hurudisha msukumo mkali wa volti nyingi unaoweza kuua kifaa kinachoiamrisha. Dayodi huumeza msukumo huo. Yenyewe nayo huchelewesha kuachia, mara kadhaa ya muda wa kawaida, lakini hata hivyo ni sehemu za mia za sekunde, ambazo mwenye nyumba hazioni. Isiondolewe kwa kuisingizia kosa. Fundi akitaka kuachia kuwe kwa upesi kwa ajili ya kuhifadhi kontakti, huongeza dayodi ya zena mfululizo na ile ya kwanza. Neno moja lakini: dayodi iliyopachikwa kinyume huwa njia fupi ya umeme, na fyuzi, kama ipo, itakatika mara moja.

Wadudu, vumbi na kontakti

Kumbi za vyama zina vumbi la kahawa, nyuzi za pamba na maganda ya korosho, na masanduku ya umeme yana joto linalopendwa na sisimizi. Sisimizi mmoja aliyebanwa kati ya chuma na ulimi atosha kuuzuia ulimi usifike mwisho. Rilei zenye kifuniko kilichozibwa huepuka balaa hili. Zile za wazi zahitaji kisanduku chenye tundu dogo tu la waya, lililozibwa vizuri.

Kontakti chafu hutambulika kwa dalili yake: mlio umesikika sawasawa, taa hazikuwaka, na kisanduku kikigongwa kidogo zikawaka. Umeme ukiwa umezimwa, kontakti za rilei ya wazi husafishwa kwa kipande cha karatasi ngumu safi kinachopitishwa katikati na kuvutwa. Msasa usitumike, wala tupa. Uso wa kontakti ni tabaka jembamba la madini yenye fedha. Msasa huondoa kwa dakika moja kile kilichokusudiwa kudumu miaka. Kontakti zilizogandamana kwa kuyeyuka, hata taa zikakataa kuzimika, hazina tiba ila kubadilishwa. Hapo ndipo katibu aandike kwa haki kwamba rilei ni mbovu, na aulize kwa nini imeyeyuka.

Mipaka ya mikono

Yaliyoelezwa juu ya kufungua na kupima yahusu mitambo ya volti 12 na 24. Hata hiyo ina hatari yake: betri haimpigi mtu shoti ya kumwua, lakini bisibisi ikiangukia kati ya ncha zake mbili hutoa mkondo wa mamia ya ampea, na pete ya kidoleni yaweza kuwa nyekundu kabla haijavuliwa. Pete na saa zivuliwe, na waya wa betri ufunguliwe kwanza.

Umeme wa gridi wa volti 230 ni jambo jingine kabisa. Katibu aweza kusikiliza, kutazama, kubadili taa na kuandika. Kisanduku afungue fundi mwenye leseni, ambayo katika Tanzania hutolewa na EWURA, baada ya swichi kuu kuzimwa. Inafaa ikumbukwe kwamba mahali penye rilei mara nyingi pana njia mbili za umeme ndani ya kisanduku kimoja, ya koili na ya taa. Kuzima moja hakuzimi nyingine.

Namna ya kuandika hitilafu

Katika ghala lililotajwa, hati tatu za malipo zilisomeka sawa: "rilei mbovu". Hakuna hata moja iliyoandika kilichoonekana. Hiyo ilikuwa hukumu, wala haikuwa ushahidi, na mkaguzi wa hesabu anayeipokea hana njia ya kujua kama fedha za wanachama zilitumika sawasawa. Kama hati ya kwanza ingesema, "Tarehe fulani, saa moja usiku, baada ya mvua, mlio wa kutetemeka umesikika kwa sekunde tatu, taa zikapepesa kisha zikawaka, volti kwenye betri 12.4, kwenye koili hazikupimwa," basi yeyote mwenye ujuzi kidogo angeuliza kwa nini hazikupimwa. Swali hilo lingeokoa rilei mbili.

Daftari la hitilafu laweza kuwa daftari la shule la kurasa 40, likaning'inizwa kwa uzi karibu na swichi. Mlinzi aandike, maana ndiye aliyepo saa ambayo kosa hutokea, na asiyejua kuandika asimulie kwa katibu asubuhi. Chombo kilichobadilishwa kifungwe karatasi yenye tarehe na kiwekwe, kisitupwe, mpaka kamati ione kwamba kipya kimeondoa kosa kwa kipindi chote cha mvua.

Maswali ya vikundi vya kujifunza

1. Taa za ua wa chama zinawaka sekunde moja baada ya swichi kubonyezwa, lakini mlio wa rilei umesikika papo hapo. Ni wapi pa kuanza kutazama, na ni jaribio gani lisilo na gharama litakalothibitisha?

2. Chama kina taa sita za wati 10 za volti 12, umbali wa mita 30 kutoka kwenye betri, kwa waya wa milimita za mraba 1.5. Volti ngapi zitapotea njiani? Je, rilei iliyowekwa kwenye ukuta wa mbali ichukue umeme wa koili kutoka waya huo?

3. Fundi anapendekeza kapasita ili kuzuia mtetemo. Katibu amwulize maswali gani kabla ya kukubali?

4. Kikundi kitazame hati za malipo za vifaa vya umeme za chama chake za miaka miwili iliyopita. Ni ngapi zinazoeleza kilichoonekana au kilichosikika, na ni ngapi zinazotoa hukumu tu?